Rangi mpya, ukuta ule ule

Mwenye nyumba anasema, "Ninyi hamfungui madirisha." Mpangaji anajibu, "Nyumba yenyewe mbovu." Kila masika, Machi hadi Mei, maneno haya yanarudi kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, kuanzia Mbagala mpaka Mbezi, na mara nyingi yanaishia kwenye kopo la rangi. Miezi miwili baadaye madoa meusi yametokeza palepale, na kila mmoja ana hakika zaidi kuwa mwenzake ndiye mkosaji.

Wanagombania bili kabla ya kujua kilichoharibika. Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu na wengine fangasi za ukutani, hailetwi na mpangaji kwenye begi. Mbegu zake zinaelea hewani katika kila nyumba, ya ghorofa na ya uani. Chakula chake kipo tayari: vumbi, puti, gundi ya rangi, karatasi ya jipsamu, mbao za kabati. Inachosubiri ni maji. Kwa hiyo cha kutafuta kwanza ni maji yanatoka wapi, na yakishajulikana, suala la nani aite fundi linakuwa jepesi, kwa sababu sheria ya Tanzania haiko kimya kama wengi wanavyodhani.

Anza na rangi ya doa na urefu wake. Unga mweupe unaobaki kidoleni, rangi inayobanduka kama magamba ya samaki, plasta inayomeguka ukiigusa, na vyote vimeishia chini ya mita moja kutoka sakafuni: hayo ni maji ya ardhini yanayopanda ndani ya ukuta na kuacha chumvi juu ya uso. Mafundi husema ukuta "unatoa chumvi". Penye chumvi nyingi namna hiyo kuvu nyeusi huwa haba, maana haistawi kwenye chumvi. Ukiona unga mweupe chini na madoa meusi juu karibu na dari, usidhani ni tatizo moja. Ni mawili, na huenda kila moja lina mwenyewe.

Ukuta hutoa chumvi kwa sababu zinazojulikana. Ile nailoni nzito inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza haikuwekwa, au ilitobolewa na mafundi wenyewe. Au tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa baharini, au kwa maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi iliyonaswa ndani ya tofali hunyonya unyevu wa hewa hata wiki isiyo na tone la mvua. Na kuna sababu ambayo wengi hawaifikirii, kwamba uwanja umepanda. Mwenye nyumba ameongeza kifusi, juu yake akalaza pevingi, na barabara ya mtaa nayo ikainuliwa. Miaka kumi baadaye ardhi ya nje iko sawa na sakafu ya ndani, au juu zaidi, na ile nailoni ya msingi imefukiwa. Inatakiwa pawe na angalau sentimita 15 kati ya uso wa ardhi ya nje na usawa wa nailoni. Hilo unaweza kulipima kwa futi kamba ndani ya dakika tano, ukisimama mlangoni.

Hapa hakuna mjadala wa nani anahusika. Mpangaji hana namna ya kuyapandisha maji kutoka ardhini. Kibaya ni dawa inayotumika: rangi ya mafuta, mita moja kutoka chini, "ili isichafuke". Rangi ya mafuta huziba uso, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu ya mstari wa rangi, na mwaka unaofuata chumvi iko kwenye mita moja na nusu. Plasta ya saruji ya kuzuia maji ikipigwa upande wa ndani tu, bila kugusa chanzo, matokeo ni yaleyale. Kazi inayosaidia huanzia nje: shusha ardhi au chimba mfereji kando ya ukuta, weka kibaraza cha zege kinachoinama kuelekea mbali na nyumba, peleka maji ya gata kwenye shimo lake badala ya kuyaacha yamwagike chini ya dirisha. Ndipo ingia ndani, bandua plasta mpaka sentimita 30 juu ya alama ya juu kabisa ya unyevu, uache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa, kisha piga plasta mpya. Hiyo mpya nayo ipewe kama wiki nne kabla ya rangi. Fundi anayeahidi kumaliza yote kwa siku tatu anauza rangi tu.

Kuvuja kuna alama zake. Doa la kahawia lenye duara ndani ya duara kwenye jipsamu linatoka paani. Kila mvua imechora mstari wake. Nyumba hizi za kisasa zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinapendeza kwenye picha, lakini gata lao limekaa ndani, juu ya vyumba, na likijaa majani ya mwarobaini maji hayana pa kwenda isipokuwa kwako. Doa linalokua hata kiangazi, ukuta wa pili wake ukiwa bafu, ni bomba au grauti, yaani saruji inayoziba mianya kati ya vigae. Pima hivi: funga koki zote usiku, soma mita ya maji pamoja na tarakimu nyekundu, subiri saa mbili bila mtu kutumia maji, soma tena. Imesogea? Kuna bomba linavuja baada ya mita. Haikusogea? Basi shuku vigae vya bafu: oga kama kawaida siku tatu, halafu ogea kwenye beseni siku tatu bila kulowesha ukuta, uone kama doa linafifia. Na usisahau bomba la maji ya AC. Kiyoyozi kimoja cha chumbani hutoa lita kadhaa kwa siku katika hewa ya pwani, na mara nyingi kibomba chake kimekatwa juu ya dirisha la jirani wa chini.

Mpaka hapo mwenye nyumba ndiye mwenye kazi. Ugomvi wa kweli uko kwenye maji ya aina ya tatu, yale ya hewani.

Familia hutengeneza mvuke mwingi kuliko inavyodhani. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua inatoa takriban kilo moja na nusu ya maji, kwa hiyo mtungi mdogo wa kilo 6, ukiisha, umemwaga hewani karibu lita tisa au kumi. Nguo za beseni moja, zilizokamuliwa kwa mkono na kuanikwa chumbani kwa sababu nje kunanyesha, zinaachia lita mbili au zaidi. Watu wawili waliolala mlango umefungwa wanapumua zaidi ya nusu lita hadi asubuhi. Mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi pa kutulia: kona ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati lililogusa ukuta, nyuma ya godoro lililosimamishwa. Kuvu ya aina hii haina mstari wala duara. Inakuja kama vidoa vyeusi au vya kijani vilivyotawanyika, na huanzia konani na nyuma ya samani.

Kama hamna hakika unyevu unatoka ndani ya ukuta au hewani, kuna jaribio lisilo na gharama. Kata karatasi ya foili, sentimita 30 kwa 30, ibandike kwenye doa kwa gundi ya utepe, ukiziba kingo zote nne. Iache siku mbili. Ukiibandua ukakuta upande uliogusa ukuta umelowa, maji yanatoka ukutani. Upande unaotazama chumba ukiwa na matone, ni mvuke wa chumbani. Mpangaji na mwenye nyumba wakilifanya pamoja, wakapiga picha, wamejiokolea miezi ya kutupiana maneno.

Lakini jibu la "mvuke wa chumbani" halimaanishi moja kwa moja kosa ni la mpangaji, na hapa ndipo natofautiana na wenye nyumba wengi. Nyumba za zamani za Dar zilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, dari ndefu, na luva zisizofungika kabisa hata ukitaka. Tumezibomoa tukaweka dari fupi za jipsamu, madirisha ya alumini ya kuteleza ambayo hufunguka nusu tu, na bafu la ndani lisilo na dirisha wala feni ya kutolea hewa. Kumwambia mtu wa nyumba kama hiyo "fungua madirisha" ni kumpa kazi ambayo mchoro wa nyumba haukuiacha.

Tena ushauri huo wenyewe una siku zake. Chukua chumba chenye AC. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 25 kitatoa jasho kikikutana nayo, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Mpangaji anayeweka AC kwenye 18 usiku kucha, akiacha dirisha wazi kidogo "ili hewa izunguke", anaiita hewa hiyo ije ilie kwenye ukuta wake. Ukuta wa ukumbini ulio nyuma ya chumba hicho nao hulowa, na watu wanahangaika kutafuta bomba ambalo halipo. Kwenye chumba cha AC, funga, weka nyuzi 24 hadi 26, na acha mashine ivute unyevu taratibu. Kwenye chumba kisicho na AC, fungua pande mbili, washa feni, na vuta kabati liachane na ukuta kwa sentimita 5 hadi 10. Mpangaji aliyepewa nafasi ya kufanya hivyo asifanye, hapo ndipo naona lawama ni yake: nguo zianikwe uani, si chumbani, na sufuria ifunikwe.

Sasa sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, inaingiza masharti katika kila pango hata kama karatasi mliyotia saini haikuyataja. Nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa pango. Ikiwa kinachopangishwa ni sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta za nje, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni juu ya mwenye nyumba kuziweka katika hali nzuri. Kifungu cha 89 kinamgeukia mpangaji: atunze alichopanga kwa kiwango cha kuridhisha, ila hadaiwi uchakavu wa kawaida. Kenya wana masharti yanayofanana sana kwenye vifungu vya 65 na 66 vya Sheria ya Ardhi ya 2012. Chumvi ya ardhini, paa na bomba la ukutani vinaangukia upande wa mwenye nyumba bila kulazimisha maneno. Mkataba unaosema "mpangaji atafanya ukarabati mdogo mdogo" unahusu taa, kitasa na koki inayodondoka, si kubandua plasta.

Pengo la sheria hiyo ni saa na kalenda. Haisemi fundi aje ndani ya siku ngapi. Uingereza walilijifunza hili kwa uchungu. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili, alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale baada ya kuishi kwenye fleti iliyojaa kuvu. Baba yake alianza kulalamika tangu 2017 na akaambiwa aipake rangi, na familia ikadhaniwa kuwa namna yake ya kuishi ndiyo chanzo. Uchunguzi wa kifo ulipokamilika Novemba 2022, ilithibitika kuwa kuvu ndiyo iliyomuua. Sheria iliyotokana na kifo hicho ilianza kutumika Oktoba 2025 kwa nyumba za jamii, yaani zinazopangishwa na halmashauri na mashirika ya makazi: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, hatari kubwa ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya hapo. Hatuna sheria kama hiyo, lakini hakuna kinachozuia tarehe kuandikwa kwenye mkataba. Sentensi moja inatosha: "Mwenye nyumba atakagua taarifa ya maji au kuvu ndani ya siku 7 na kuanza matengenezo ya paa, kuta au mabomba ndani ya siku 21, akichelewa, mpangaji anaweza kutengeneza kwa bei waliyokubaliana kwa maandishi na kukata kwenye kodi inayofuata."

Bila sentensi hiyo, usikate kodi kwa hasira. Kuacha kulipa ni kosa linaloonekana haraka kuliko ukuta mbovu, na litakuondoa ukiwa na haki yako mkononi. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kwa wengi hakuna kodi ya kukata, kwa kuwa imeshalipwa. Chukulia chumba cha shilingi 300,000 kwa mwezi: miezi sita mbele ni 1,800,000, na dalali kachukua mwezi wake mmoja. Doa likitokea wiki ya tatu, mpangaji hana karata, na mwenye nyumba hana haraka. Ingekuwa haki wanaotaka kodi ya miezi sita mbele nao wabanwe na tarehe.

Kilichobaki mkononi mwa mpangaji ni taarifa. Simu haiachi alama, kwa hiyo andika. Ujumbe mzuri ni mfupi na una vipimo: "Shikamoo mama. Ukuta wa chumba cha watoto, upande wa bafu, una kuvu tangu tarehe 4 Aprili. Ukubwa ni sentimita 60 kwa 80. Koki zote zikifungwa mita bado inasogea. Naomba fundi bomba aje kabla ya tarehe 14. Picha ndizo hizo." Picha moja ichukuliwe kwa mbali ionyeshe chumba, nyingine karibu ikiwa na futi kamba ndani yake. Usilaumu mtu kwenye ujumbe huo, na usitaje wakili. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Mkishindwana, Baraza la Kata ni la kupatanisha, na likishindwa shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo zile picha zenye tarehe zinapozidi maelezo ya mdomo.

Wakati fundi anasubiriwa, eneo lisilozidi mita moja ya mraba mpangaji anaweza kulisafisha. Vaa barakoa na glavu, fungua dirisha, funga mlango wa ndani. Usikwangue pakavu, utazitawanya mbegu nyumba nzima. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, sugua, futa kwa kitambaa unachokitupa, kausha kwa feni. Jiki hung'arisha uso wa vigae vizuri, lakini kwenye plasta na jipsamu klorini yake hubaki juu huku maji yake yakizama ndani na kuinywesha kuvu. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, gesi yake inaunguza mapafu. Jipsamu iliyooza mpaka ndani haisafishwi, inakatwa. Kupima ni kuvu ya aina gani ni kupoteza fedha. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2009 halikuweka kiwango kinachoruhusiwa; lilisema unyevu na kuvu vizuiwe, kwa sababu vinaambatana na pumu na maradhi ya kifua. Nyeusi si lazima iwe kali kuliko ya kijani. Kama kuna mtoto mchanga au mwenye pumu, mhamishie chumba kingine leo, gharama mtazijadili kesho.

Lililo bora kuliko yote hayo ni siku ya kuangalia nyumba. Nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa, asubuhi, kabla madirisha hayajaachwa wazi. Fungua makabati ya ukutani unuse. Tazama kona za dari juu ya pazia, chini ya sinki, na ukuta ulio nyuma ya bafu. Gonga plasta ya chini kwa kifundo cha kidole, iliyoachana na tofali italia kama debe tupu. Angalia nje kama pevingi imefika usawa wa sakafu. Na ukikuta vyumba vitatu, kimoja tu ndicho kimepakwa rangi mpya, tena ukuta mmoja, muulize dalali huo mmoja umefanya nini.